Udongo Uliomwagwa Bandarini Naha

Mwaka 1958 timu ya besiboli ya Shule ya Sekondari ya Shuri, kisiwani Okinawa, ilikwenda kucheza mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari katika uwanja wa Koshien, si mbali na Osaka. Hakuna timu ya Okinawa iliyokuwa imewahi kufika pale. Vijana wale walitolewa kwenye mechi yao ya kwanza. Koshien kuna desturi ambayo mpaka leo huwatoa watu machozi: timu iliyofungwa huinama, ikachota udongo wa uwanja kwa viganja na kuutia mfukoni, iende nao nyumbani. Vijana wa Shuri nao wakachota.

Walipofika bandari ya Naha, udongo ule ulikataliwa. Sheria ya karantini ya mimea haikuruhusu udongo kutoka nchi ya nje kuingia Okinawa. Ukamwagwa baharini.

Nchi ya nje. Vijana wenyewe walikuwa Wajapani, wametoka kucheza mashindano ya shule za Kijapani, na Japani ilikuwa imerudishiwa mamlaka yake na majeshi yaliyoikalia miaka sita kabla. Lakini Okinawa ilikuwa bado mikononi mwa Marekani. Mhudumu mmoja wa ndege aliyesikia habari hiyo akawaokotea kokoto za Koshien na kuwatumia, kwa kuwa jiwe halikuguswa na sheria ile. Kokoto hizo zimewekwa kwenye mnara mdogo pale shuleni kwao.

Kwa miaka mingi nami niliikubali ile sentensi moja ya vitabu vya historia: Japani ilishindwa vita mwaka 1945, ikakaliwa na majeshi ya washindi, ikarudishiwa mamlaka mwaka 1952. Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini tangu nilipokutana na habari ya udongo ule, siwezi kuipita bila kusimama. Yalirudishwa mamlaka yapi? Kwa nani? Na gharama yake aliilipa nani?

Tuanze na makaratasi. Tarehe 8 Septemba 1951, mjini San Francisco, Japani na nchi 48 zilitia saini mkataba wa amani. Vita vya Korea vilikuwa vimewaka kwa zaidi ya mwaka mzima na Marekani ilikuwa na haraka. Ilimtaka Mjapani awe mshirika wake badala ya kubaki mateka wake. Umoja wa Kisovieti ulihudhuria ukakataa kusaini. China, iliyoumia kuliko karibu wote, haikualikwa. Mkataba ulisema majeshi ya ukaliaji yataondoka ndani ya siku 90 tangu utakapoanza kutumika. Ukiishia hapo utafurahi. Ukisoma mbele kidogo katika kifungu hichohicho, unakuta kwamba hakuna kinachozuia majeshi ya kigeni kubaki nchini kwa makubaliano maalumu.

Makubaliano hayo yalisainiwa siku ileile, ndani ya kambi ya jeshi katika mji uleule. Waziri Mkuu Yoshida Shigeru aliusaini mkataba huu wa pili peke yake kwa upande wa Japani. Kwa hiyo askari aliyelala kambini usiku wa tarehe 27 Aprili 1952 kama jeshi la ukaliaji, aliamka tarehe 28, siku mkataba ulipoanza kutumika, akiwa mgeni mwalikwa. Kitanda kilikuwa kilekile. Mkataba wa usalama uliruhusu hata majeshi hayo kutumika kuzima ghasia za ndani iwapo serikali ya Japani ingeomba. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1960.

Simlaumu Yoshida kwa kila kitu. Alikuwa kiongozi wa nchi iliyoungua, isiyo na jeshi, yenye njaa ya jana tu. Na lazima niseme jambo moja kuhusu namna Japani bara ilivyotawaliwa, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini makabidhiano ya 1952 hayakuiangusha nchi. Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa na ofisi katika jengo la kampuni ya bima lililotazama handaki la maji la kasri ya mfalme mjini Tokyo, hakuzivunja wizara. Alitoa maagizo; baraza la mawaziri la Kijapani likayatekeleza. Mahakimu walikuwa Wajapani, watoza kodi Wajapani, walimu Wajapani. Siku mkono wa mgeni ulipoondoka begani, mwili ulikuwa bado umesimama.

Linganisha na Iraki. Mei 2003, wiki chache baada ya Baghdad kuanguka, utawala wa ukaliaji ulilivunja jeshi la Iraki kwa amri moja na kuwafukuza kazini wanachama wa ngazi za juu wa chama cha Baath, kilichokuwa kikitawala. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni 2004, siku mbili kabla ya tarehe iliyotangazwa, Paul Bremer, Mmarekani aliyeuongoza utawala huo, alikabidhi barua ya mamlaka katika hafla fupi ndani ya eneo lililozungushiwa kuta, na saa chache baadaye alikuwa ameshapanda ndege. Siku moja tu kabla ya hafla hiyo ilikuwa imetolewa upya Amri Namba 17, iliyowaweka askari wa kigeni na makandarasi wao nje ya mkono wa mahakama za Iraki. Mimi huipima hafla ya namna hiyo kwa kitu kimoja: ikiwa askari wa kigeni atamuua raia mtaani kesho asubuhi, nani atamhoji? Jibu likiwa si polisi wa nchi hiyo, basi kilichokabidhiwa ni sehemu tu.

Turudi San Francisco, kwenye Kifungu cha 3. Hiki ndicho nilichokisoma na kukirudia mpaka nikakijua. Kilisema Marekani itakuwa na mamlaka yote ya utawala, ya kutunga sheria na ya kuhukumu juu ya Okinawa na visiwa vya jirani, na juu ya watu wake. John Foster Dulles, mwandalizi mkuu wa mkataba kwa upande wa Marekani, alieleza kwamba Japani itabaki na enzi ya masalio. Yaani mwenye nyumba ni wewe, ila funguo, chumba, kodi ya pango na neno la mwisho ni vya mwenzako.

Okinawa haikuwa mahali popote tu. Kati ya Aprili na Juni 1945 vita vilipiganwa juu ya visiwa hivyo mpaka kwenye mapango yake. Zaidi ya watu 200,000 walikufa, na inakadiriwa mmoja kati ya kila Waokinawa wanne alipotea. Jeshi la Japani liliwatumia kuchelewesha mashambulizi dhidi ya bara. Kisha Septemba 1947, miaka miwili tu baadaye, mshauri wa mfalme, Terasaki Hidenari, aliwafikishia Wamarekani ujumbe kwamba Mfalme Hirohito angependa waendelee kuikalia Okinawa kwa miaka 25 hadi 50 au zaidi, kwa sura ya upangaji wa muda mrefu. Ujumbe huo ulikuja kujulikana kwa umma mwaka 1979. Hakuna aliyewauliza Waokinawa. Na Japani bara ilipopata mamlaka yake, sehemu ya bei ilikuwa ni wao.

Huko Okinawa tarehe 28 Aprili huitwa siku ya fedheha.

Utawala wa Kimarekani huko haukuwa ule wa kupitia wizara. Kulikuwa na Serikali ya Visiwa vya Ryukyu, yaani Okinawa na visiwa vya jirani, yenye bunge na mahakama zake, lakini juu yake alikaa Kamishna Mkuu, jenerali wa jeshi, ambaye angeweza kufuta sheria yoyote na kumwondoa kiongozi yeyote. Mtendaji mkuu wa serikali hiyo aliteuliwa na Wamarekani. Ardhi ya wakulima ilichukuliwa kwa ajili ya viwanja vya ndege, na Waokinawa walibaki na msemo wa zama hizo: singe na buldoza. Kuanzia 1958 fedha rasmi ikawa dola. Kwenda Tokyo kulihitaji hati ya kusafiria yenye kibali cha mtawala.

Kuna kisa cha Naha ambacho kila nikikisoma nafsi yangu husimama. Desemba 1956 wananchi wa mji huo walimchagua Senaga Kamejiro kuwa meya, mtu aliyekuwa ametoka gerezani mwaka huohuo, mpinzani wa wazi wa utawala wa Kimarekani. (Wajapani hutanguliza jina la ukoo; nimeyaacha majina yao hivyo.) Wamarekani hawakumkamata tena. Walifunga bomba. Ruzuku ikakatwa, fedha za mji zikazuiwa benki, miradi ikasimama. Hesabu yao ilikuwa kwamba watu wakikosa huduma watamgeuka meya wao.

Watu wakaenda kulipa kodi. Walipanga foleni manispaa kulipa kodi ya mji, ili meya wao apate cha kuendeshea ofisi. Hebu fikiria foleni hiyo. Watu waliopoteza ndugu katika vita miaka kumi na mbili nyuma, wengi wao maskini, wameshika dola ambazo hawakuzichagua—la, mwaka huo bado zilikuwa yeni za kijeshi, nazo pia hawakuzichagua—wanasubiri zamu ya kulipa kodi kwa hiari. Ukitaka kujua mamlaka ya kutawala hutoka wapi, mimi sijui picha iliyo wazi kuliko hiyo. Yalitoka mifukoni mwao, yakapita dirishani kwa karani, mbele ya macho ya jenerali.

Novemba 1957 Kamishna Mkuu alibadilisha sheria za uchaguzi na za manispaa kwa amri yake, Senaga akaondolewa na kuzuiwa kugombea. Januari 1958 wananchi wakamchagua mtu aliyeungwa mkono na Senaga. Miaka michache baadaye Kamishna Mkuu mwingine, Paul Caraway, alisema hadharani kwamba kujitawala kwa Waokinawa ni hekaya tu. Nampa haki yake: alisema kweli kuhusu utawala aliouongoza.

Ukienda ncha ya kaskazini ya Okinawa, rasi ya Hedo, utaiona Yoron ng'ambo ya maji. Yoron ni ya visiwa vya Amami, vilivyorudishwa Japani tarehe 25 Desemba 1953. Kila mwaka ilipokaribia tarehe 28 Aprili watu walikuwa wakiwasha moto mkubwa Hedo, na wa Yoron wakawasha wao, waonane usiku. Kuanzia miaka ya 1960 walitoka pia kwa mashua, kila upande kutoka kwake, wakakutana kwenye mstari wa latitudo 27, katikati ya bahari, mahali ambapo nchi moja iligawanywa kwa kalamu. Walishikana mikono kutoka mashua hadi mashua.

Mwaka 1965 Waziri Mkuu Sato Eisaku alitua Naha na kusema kwamba kwa Japani kipindi cha baada ya vita hakitakuwa kimekwisha mpaka Okinawa irudi. Mwaka 1968 Waokinawa hatimaye waliruhusiwa kumchagua mtendaji mkuu wao wenyewe, wakamchagua Yara Chobyo, mwalimu, aliyekuwa ameongoza harakati za kurudi Japani. Novemba 1969 Sato na Rais wa Marekani, Richard Nixon, walikubaliana kwamba visiwa vitarudishwa mwaka 1972. Pembeni, kwa siri, waliweka saini karatasi nyingine iliyoruhusu silaha za nyuklia kurudishwa Okinawa wakati wa dharura, kinyume na kile Sato alichokuwa akikiahidi hadharani. Japani ilikubali pia kulipa dola milioni 320. Mwandishi mmoja wa habari alipofichua dalili kwamba dola milioni 4 za kuirudisha ardhi ya wakulima katika hali yake, ambazo Marekani ilisema italipa yenyewe, zingetoka kisirisiri hazina ya Japani, alikamatwa.

Tena watu walinunuliwa bila kuulizwa bei.

Yara alijaribu kuwafanya waulizwe. Yeye na wenzake waliandaa waraka mrefu wa mapendekezo, wenye kurasa zaidi ya mia, wakieleza Waokinawa wanataka kurudi vipi: visiwa visivyo na kambi za kijeshi, haki zilizomo katika katiba ya Japani ambazo wao hawakuzionja, na sauti juu ya mambo yao wenyewe. Tarehe 17 Novemba 1971 aliubeba akapanda ndege kwenda Tokyo. Siku hiyohiyo, kabla hajapata kuukabidhi, chama tawala kiliulazimisha mkataba wa kurejesha upite katika kamati maalumu ya Bunge. Mjadala ukafungwa huku mwenye waraka akiwa anawasili. Yara aliandika katika shajara yake kwamba hisia za Waokinawa zinakanyagwa kama viatu vilivyochakaa.

Najiuliza alifanya nini na mikono yake jioni ile. Mtu aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kudai jambo, likatimizwa kwa namna ya kumpita mlangoni. Hakujiuzulu. Alirudi Naha na kuendelea na kazi, kwa kuwa siku ya kurudi ilikuwa inakuja na kulikuwa na shule za kuendesha na mishahara ya kulipa.

Tarehe 15 Mei 1972 mvua ilinyesha Naha. Hafla rasmi ilifanyika katika ukumbi wa raia wa mji, na Yara, sasa gavana wa mkoa, akahutubia. Bustani ya Yogi iko jirani na ukumbi huo. Humo, katika mvua hiyohiyo, maelfu ya watu walikuwa wakiandamana kupinga namna ya kurejeshwa. Sioni ugomvi kati ya ukumbi na bustani. Naamini wengi waliokuwa ndani walikuwa na moyo wa waliokuwa nje.

Asubuhi hiyo watu walianza kubadilisha fedha. Kwa miaka mingi dola moja ilikuwa yeni 360. Katika miezi ya mwisho kabla ya kurejeshwa, mfumo wa fedha wa dunia ukatikisika, na dola ikabadilishwa kwa yeni 305. Serikali ilifidia sehemu ya hasara, si yote, na wenye maduka wakapandisha bei. Mama aliyekuwa ameweka akiba koponi alijifunza maana ya kurudi nyumbani hapo benki, dirishani.

Barabara zilichelewa zaidi. Tangu Juni 1945 magari ya Okinawa yalipita upande wa kulia, kama Marekani. Japani hupita kushoto. Mkataba wa kimataifa hutaka nchi moja iwe na upande mmoja, lakini ilichukua miaka sita zaidi kujiandaa. Ikapangwa tarehe 30 Julai 1978, siku ambayo wenyeji huiita kwa tarakimu zake, 730. Yalinunuliwa mabasi mapya yapatayo elfu moja, maana milango ya yale ya zamani ingefunguka katikati ya barabara. Alama mpya zilisimikwa zikiwa zimefunikwa. Kuanzia saa nne usiku wa tarehe 29 magari ya kawaida yalizuiwa. Usiku kucha mafundi walivua vifuniko upande mmoja na kuvivika upande wa pili. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi hivi, magari machache yaliyokuwa barabarani yalivuka polepole kutoka kulia kwenda kushoto, yakasimama, na saa kumi na mbili kamili yakaondoka.

Hapo naona kazi halisi ya kurudisha mamlaka. Mikono ya viongozi iliyoshikana mbele ya kamera ilikuwa imeshashuka miaka sita nyuma. Fundi mwenye ngazi na bisibisi, saa tisa usiku, ndiye aliyekuwa akirudisha kisiwa mahali pake, alama baada ya alama.

Ila kambi hazikuvuka barabara. Okinawa ni takriban asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, na imebeba karibu asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na majeshi ya Marekani pekee nchini humo. Katikati ya mji wa Ginowan kuna uwanja wa ndege wa Futenma, ambao mwaka 1996 serikali za Japani na Marekani zilikubaliana kuurudisha. Haujarudishwa. Mbadala wake unajengwa Henoko, kisiwa hichohicho, na Februari 2019 wananchi walipopiga kura ya maoni, takriban asilimia 72 ya waliopiga walikataa bahari ya huko kufukiwa. Ufukiaji uliendelea.

Tarehe 13 Agosti 2004, wiki sita na ushei baada ya ile barua kukabidhiwa Baghdad, helikopta kubwa ya jeshi la Marekani ilitoka Futenma, ikapoteza uwezo wa kuongozwa, ikaanguka kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa kilicho jirani na uzio wa kambi. Ilikuwa likizo, hakuna raia aliyeuawa. Ukuta wa jengo la utawala uliungua ukawa mweusi kutoka chini hadi juu, na miti iliyokuwa karibu ikaungua nayo.

Chuo kile ni ardhi ya Japani, wala si sehemu ya kambi. Miaka 52 ilikuwa imepita tangu San Francisco na 32 tangu ile mvua ya Naha. Askari wa Marekani waliruka uzio, wakaizingira sehemu ya chuo na kufunga njia. Polisi wa Okinawa walipotaka kuchunguza mabaki walikataliwa. Mabaki yakapakiwa yakaondolewa, pamoja na tabaka la udongo wa pale ilipoangukia.